Kichupa Kwenye Mtungi wa Mbegu

Kuna watu ambao hata wakiwa na habari ya kukuua, lazima kwanza wakusalimie. Ndegwa ni mmoja wao. Alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa maabara, akaniuliza kama huku Nakuru kumenyesha, akaniambia Dundori viazi vimeanza kuozea shambani kwa maji, akauliza kazi, akauliza afya. Nilimjibu yote kwa upole, kwa sababu alikuwa amenifanyia hisani. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa:

"Sasa ile kitu yako nishampa kakako Kihara. Vile ulisema."

"Nilisema nini?"

"Apewe kimoja. Ya mathe. Kihara ndiye ameniambia."

Nilikuwa nimesimama. Nikatafuta kiti.

"Ndegwa, umempa Kihara nini?"

"Kichupa kimoja tu. Hivyo vingine viko sawa, viko kwa mtungi. Na sikumpa ikiwa barafu, ai, siwezi. Nimemyeyushia kwa maji ya vuguvugu, vile mimi huyeyusha mbegu. Sindano alikuwa nayo."

"Sindano ya kufanya nini?"

"Wariara, na wewe! Si ya kudunga mathe?"

Nilimkatia simu bila kwaheri, na kwetu hilo ni tusi.

Ndegwa ndiye mtu wa kupandisha ng'ombe kule nyumbani Dundori. Fahali siku hizi hawaletwi. Zinaletwa mbegu zao, zimegandishwa, na Ndegwa anazunguka nazo boma kwa boma kwa pikipiki, ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji ambayo ni baridi kushinda friza yoyote. Wiki hiyo transfoma ya chuo chetu ilikuwa imeungua. Jenereta haikuwa na dizeli, na bwana aliyepaswa kutia sahihi ili dizeli inunuliwe alikuwa ameenda harusini Naivasha, amezima simu. Friza yetu ilianza kutoa jasho. Mimi na mwenzangu Khisa tulizunguka mji mzima tukiomba mahali pa kuweka vichupa vyetu, tukakosa, mpaka nikamkumbuka Ndegwa na mtungi wake. Nilipanda Dundori navyo kwenye chupa ya barafu, akavitumbukiza kati ya mbegu za fahali, tukacheka. Kakangu Kihara alikuwepo, alikuwa ameleta habari kwamba ng'ombe wake yuko tayari. Aliniuliza ni nini hicho. Nikamwambia ni kazi yetu ya maabara, ya ule ugonjwa wa Mami. Basi. Hayo ndiyo maneno niliyosema, na sikuongeza mengine kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Sasa nieleze kilichokuwa ndani, maana hapo ndipo penye balaa. Kwenye ubongo wa kila mtu kuna protini ndefu ambayo mwili huikatakata, na kuna vipande fulani, vinaitwa amiloidi, vyenye tabia mbaya ya kung'ang'aniana. Vikishikana vinakuwa kama uji uliomwagiwa unga wote kwa mara moja: madonge. Na donge la uji hulirudishi kuwa unga. Ukifungua ubongo wa mtu aliyekufa na Alzheimer's, huo ugonjwa wa kusahau alio nao Mami, unayakuta madonge hayo kati ya mishipa ya fahamu. Sisi watafiti tunanunua vipande hivyo vikiwa vimetengenezwa kiwandani, vinatoka ng'ambo vikiwa unga mweupe. Tunaviyeyusha, tunavigawa kwenye vichupa, tunavigandisha visishikane kabla ya wakati. Vingine tunaviacha vishikane makusudi, tuone kama kuna majani au gome la mti wa huku kwetu linaloweza kuvizuia. Vingine tunawadunga panya kichwani ili waanze kusahau njia.

Hicho ndicho kilichokuwa kwenye sindano ya kakangu. Na mama yetu ana presha, ana moyo mbovu, na hajui leo ni siku gani.

Nilimpigia Kihara. Ikalia mpaka ikakatika. Nikampigia tena. Khisa alikuwa pale mlangoni, amesoma nusu ya mambo kwenye uso wangu, na alikuwa ameshachukua funguo za gari.

"Tuende," akasema. "Utanieleza njiani."

Tulipita Lanet nikiwa nimemweleza. Khisa ni mtu wa Bungoma, mtulivu mpaka anaudhi, lakini siku hiyo alikuwa anapigia honi hata mbuzi.

"Kitamfanya nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Khisa, nani anajua? Kile kitu hakikutengenezwa kwa mtu! Hakijachujwa vijidudu, kimeyeyushwa na dawa kali, kimepitia kwenye mtungi wa ng'ombe. Halafu unakumbuka ile chanjo?"

Alikumbuka. Miaka ya nyuma huko ng'ambo walijaribu kuwadunga wagonjwa kitu cha jamii hiyo hiyo, wakitumaini mwili utajifunza kuyapiga vita madonge. Baadhi yao ubongo ulivimba, jaribio likasimamishwa. Na hao walikuwa chini ya madaktari, hospitalini, na dawa safi. Mami alikuwa sebuleni, na daktari wake alikuwa Kihara, ambaye amedunga ndama wengi kuliko manesi wengi walivyodunga watu na anajiona hakuna tofauti.

Nilikuwa na hasira, sitaki kudanganya. Hofu ilikuwepo lakini hasira ndiyo ilikuwa juu. Kihara tangu utotoni akiamua kitu ameamua. Lakini nilijua pia kwamba si mjinga, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. Mjinga unamfokea, anaacha. Mtu mwenye sababu zake huwezi.

Nikampigia Wangechi, mke wake. Alishika, akanong'ona.

"Wariara, siwezi ongea. Tunaomba."

"Amemdunga?"

"Bado. Mzee Gachanja ndiye anaomba. Kihara alisema dawa isiingie bila maombi."

Karibu nilie kwa shukrani. Mzee Gachanja ni mzee wa kanisa letu, na kila mtu Dundori anajua maombi yake. Akiombea chakula, chakula kinapoa. Kwenye mazishi ya baba yetu aliomba mpaka waliobeba jeneza wakabadilishana. Tumemsengenya miaka yote, watoto na wakubwa. Siku hiyo ningempa taji.

"Wangechi, nisikilize. Hiyo si dawa. Usikubali Kihara amdunge Mami. Shika huo mkono wake."

"Nimshike Kihara?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa ashike gari la moshi. "Unamjua. Na Mami mwenyewe ndiye ameng'ang'ana. Tangu jana aambiwe kuna dawa, hajasahau. Wariara, hajasahau! Ameamka mwenyewe, ameitisha nguo ya kanisa. Mimi pia nimeanza kuamini."

"Basi mwambie mzee aendelee kuomba. Mwambie bado hajaombea manesi, hajaombea nchi. Mwambie chochote!"

"Amefika kwa wajane," akasema Wangechi, na simu ikakatika. Kule juu mtandao ukiamua kwenda, umeenda.

Khisa hakucheka, na mimi sikucheka. Wajane, nilijua, huja kabla ya mayatima, na baada ya mayatima ni mvua, na mvua ikiisha ni Amina. Tulikuwa tumeanza kupanda mlima, barabara imelowa, ukungu umekaa kwenye mikuyu. Khisa akakata kona, akafunga breki kwa nguvu. Mbele yetu lori la viazi lilikuwa limeteleza likalala upande, limeziba njia yote, na magunia yamemwagika mpaka mtaroni. Watu walikuwa wameshakusanyika, wengine kusaidia, wengine kujibebea.

"Piki," Khisa akasema. "Tafuta piki upande ule mwingine."

Hakukuwa na piki. Wenye pikipiki wote walikuwa wamebeba viazi. Kutoka pale kwetu ni ng'ambo ya bonde, kwa barabara ni mbali, kwa mashamba si mbali sana ukiwa na miguu na huna aibu. Nikavua viatu, nikapita chini ya waya, nikakimbia. Nilikimbia katikati ya viazi vya watu, matope yananishika mpaka kwenye mashavu ya miguu, na mama mmoja akasimama na jembe akanipigia kelele kwamba hao watu wa mjini wamelaaniwa. Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: mkono wa Mami, ile ngozi ya ndani ya kiwiko, nyembamba, mishipa inaonekana. Nesi yeyote angeupenda mkono ule. Kihara naye hangekosa.

Nilipovuka kijito nikaiona nyumba. Nilipofika kwenye zizi nikaanza kusikia sauti ya Mzee Gachanja, ile sauti inayopanda na kushuka. Alikuwa anaombea mvua. Nikajikaza. Nilikuwa getini niliposikia sebule nzima inasema Amina.

Niliingia bila kubisha, na matope yangu yote.

Mami alikuwa kwenye kiti kikubwa cha baba, amevaa nguo yake ya Jumapili na kitambaa cha akina mama wa kanisa kichwani, mkono wa nguo wa kushoto umekunjwa mpaka juu. Uso wake ulikuwa unang'aa. Mzee Gachanja alikuwa anafuta miwani. Wangechi alikuwa ukutani, chupa ya chai mkononi, hajui aiweke wapi. Na Kihara alikuwa amepiga magoti mbele ya Mami, ameshamfuta na spiriti, sindano mkononi, kidole gumba juu ya bomba. Ndani ya bomba kulikuwa na maji maangavu kabisa. Ungeapa ni dawa.

"Kihara. Weka chini."

Hakugeuka. "Nilijua Ndegwa hawezi nyamaza."

"Weka hiyo kitu chini!"

"Usinipigie kelele mbele ya Mami." Sasa akaniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Ulikuwa unangoja nini, Wariara? Niambie. Ulikuwa unangoja afe ndio uandike kitabu? Mimi nimesoma. Usidhani sijui kusoma. Niliangalia jina kwa kile kichupa, nikaliingiza kwa simu. Amiloidi. Kumeandikwa dawa mpya, Amerika wanadungwa, Japani wanadungwa. Sindano ya amiloidi. Na wewe umeificha kwa mtungi ya ng'ombe!"

"Si dawa."

"Mimi ndiye namwosha!" Sauti ilimpasuka. "Unasikia? Wangechi akienda sokoni, ni mimi namwosha mama yangu, na yeye analia kwa vile anaona mwanamume asiyemjua. Wiki iliyopita tumemtoa kwa barabara, lori imefunga breki karibu imkanyage. Wewe unakuja Jumapili na mkate ya mjini, ya Milimani, unakaa, unaangalia saa. Alafu unaniambia si dawa."

Iliniuma, na iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Ningeweza kumrudishia. Ulimi ulikuwa tayari, ninao wa kutosha. Lakini ncha ya sindano ilikuwa karibu kabisa na mkono wa Mami, na nilijua neno moja baya lingemfanya asukume ili tu anionyeshe.

Nikapiga magoti kando yake. Nikajaribu kuongea kama mtu anayemwendea ng'ombe mkali.

"Kihara, hizo dawa ulizosoma zipo. Kazi yake ni kufagia amiloidi kichwani. Hii uliyoshika ndiyo amiloidi. Ni ule uchafu wenyewe. Wewe ukisoma kuna dawa ya kupe, utaenda kununua kupe?"

Niliona limemwingia kidogo.

"Nani huuza kupe?" akasema polepole.

"Watu wanaowauzia wanaotafuta dawa ya kupe. Utajuaje dawa inaua kama huna kupe wa kumjaribia?"

Mzee Gachanja akavaa miwani. "Ngoja, binti yangu. Kwa hivyo nyinyi huko chuoni mnachukua ugonjwa, mnapatia panya?"

"Ndiyo, mzee."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Na huu nimeuombea," akasema mzee, akakaa chini.

Hapo Mami akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. "Ati unanunuliwa?" akasema. "Huu wangu? Mimi ninao bure, wao wanaleta na ndege?"

Wangechi akacheka pia, cheko la woga, akaziba mdomo. Kwa dakika hiyo nilidhani tumepona. Nikanyoosha mkono nichukue sindano. Kihara akaivuta nyuma.

"Unasema hivyo ndio nikupe," akasema. "Utasema chochote."

"Kihara, anaweza kufa hapo kwenye kiti."

"Na akikaa hivyo?" Hakuwa anapiga kelele tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Akikaa hivi, ni nini? Kila siku anaondoka kidogo. Wewe umesoma ukamaliza masomo yote na huna kitu. Mimi nina hii. Labda unadanganya, labda hudanganyi. Mimi nimechoka, Wariara. Nimechoka."

Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema, na mimi nilikuwa nimekuja kumnyang'anya kakangu jani la mwisho alilokuwa ameshika. Nilimwonea huruma. Lakini kidole chake gumba kilikuwa bado juu ya bomba, na shingo yake imekakamaa vile vile inavyokakamaa akishaamua. Nilipima kama naweza kumrukia. Angenishinda. Na ncha ingeingia popote.

"Wariara," akasema Mami.

Sote tukageuka. Tangu mwaka jana alikuwa hajaniita jina langu. Huniita kwa jina la dada yake aliyekufa, au ananiita nesi. Aliniangalia usoni, macho yametulia, mama yangu mwenyewe, yule aliyenifundisha kusoma kwa gazeti la kufungia sukari.

"Wewe hukuwa mtoto wa uongo. Ulikuwa na mdomo, lakini uongo hapana. Hiyo sindano itanirudisha?"

"Hapana, Mami."

"Itaniumiza?"

"Inaweza kukuua. Sijui. Lakini kukurudisha, hapana."

Aliitikia kwa kichwa, akafikiri. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Nilimwomba Mungu asiulize lililobaki, na nilijua ataliuliza, maana ndivyo alivyokuwa zamani, hakuacha swali katikati.

"Na kuna kitu kingine kitanirudisha? Hapo chuoni kwenu, ama huko kwa wazungu?"

Nimesimama mbele ya maprofesa nikaulizwa maswali, nikajibu. Ile sebule ilikuwa ngumu kuliko zote. Zile dawa za ng'ambo hupunguza mwendo wa ugonjwa kidogo tu, tena kwa mtu anayeanza, na Mami alikuwa amepita pale zamani. Ningeweza kusema tunaendelea kujaribu. Ningeweza kusema labda. Lakini Kihara alikuwa ananiangalia, na neno labda lingetosha kusukuma kile kidole.

"Hapana, Mami," nikasema. "Hakuna."

Wangechi akaanza kulia. Mami hakulia. Alinitazama muda, akashusha mkono wa nguo yake mwenyewe, taratibu, akatafuta kifungo, akakikosa, akakipata, akafunga. Halafu akamgusa Kihara kichwani.

"Basi inuka, mtoto wangu. Utaumia magoti."

Kihara alibaki pale. Nilipoishika sindano hakuizuia. Nilirudisha kifuniko chake, nikaifunga kwa kitambaa, nikaiweka ndani ya mkoba. Nilikaa sakafuni na matope yangu, mgongo kwenye kiti cha Mami. Nilikuwa nimeshinda na nilijisikia mshenzi. Mlangoni Khisa alikuwa amefika, viatu mkononi, akatuona, akaelewa, akabaki nje chini ya mabati.

Wangechi akafanya kile ambacho mtu hufanya, akamimina chai. Alimpa mzee, akampa Khisa dirishani, akanipa mimi. Kihara alikuwa bado amepiga magoti, kichwa chini. Vikombe viligongana, mvua ikaongezeka, na Mami akawa anaitazama mvua dirishani, uso umelainika, nikaona macho yake yanaanza kuondoka vile yanavyoondokaga.

Halafu akatugeukia, akatabasamu kwa wageni wake. Akafungua kile kifungo. Akakunja mkono wa nguo mpaka juu, akaunyoosha mkono.

"Haya," akasema. "Mzee ameshaomba. Nani ananidunga?"

Wangechi akaweka chupa ya chai chini. Mzee Gachanja akaangalia miguu yake. Wote walikuwa wananingoja mimi, maana mimi ndiye niliyesema mara ya kwanza, na aliyesema ndiye ajuaye kusema. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo, hapana, ni fupi, na nilikuwa nimelitoa muda mfupi tu uliopita. Halikutoka. Kulisema mara moja nilikuwa nimejikamua mpaka mwisho, na sasa niliona kwamba nitalisema tena, na tena, na kila mara yeye atalisikia kwa mara ya kwanza.

Kihara akainua kichwa. Akauchukua mkono wa Mami. Akabonyeza kidole gumba pale ndani ya kiwiko, pale pale alipokuwa amepafuta na spiriti, akashikilia vile nesi hushikilia pamba.

"Ushadungwa, Mami," akasema.

"Lini?"

"Saa hii. Nimemaliza."

Mami akautazama mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga. "Ai! Sikusikia uchungu hata kidogo."

"Ni sindano nzuri. Wariara ndiye ameleta."

Akanitazama, na sasa sikuwa Wariara tena, nilikuwa mtu mwema fulani aliyetoka mbali na matope miguuni.

"Na nitakuwa nakumbuka?"

Kihara alikuwa ananiangalia juu ya goti la Mami. Hakuwa ananiomba. Aliniachia tu.

"Utakumbuka, Mami," nikasema.

"Mungu akubariki." Akashusha mkono wa nguo, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akamwinamia Kihara akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. "Basi sasa utapumzika. Si ulisema umechoka?"

Kihara akalaza kichwa magotini mwake akalia kwa sauti, mtu mzima, baba wa watoto, na Mami akampapasa mgongo akimwambia yameisha. Sisi wengine tulishika vikombe vyetu, tukanywa chai.